Ala ya upanga wa karne ya 13: shajara ya kazi na gharama zake

Januari, wiki ya pili

Upanga umefika. Ni nakala ya upanga wa Ulaya wa karne ya 13, wa kundi ambalo Ewart Oakeshott, yule Mwingereza aliyezipanga panga za Zama za Kati kwa namba za Kirumi, aliliita XII: bapa pana linalopungua taratibu kuelekea nchani, mfereji unaoshuka kupita nusu ya urefu, mpini wa mkono mmoja na kirungu cha mviringo mwishoni. Bapa lina sentimita 81. Pale linapokutana na mpini upana wake ni sentimita 5 na kidogo. Nimeulipia pauni 430, na umekuja mtupu, bila ala, yaani kifuko cha kuutia.

Kabla haujafika nilikuwa nimeshawaandikia mafundi wawili wa ala hapa Uingereza. Wa kwanza alinitajia pauni 350 kwa ala ya mbao iliyovikwa ngozi, basi. Nikitaka mkanda wa kufungia kiunoni na kofia ya shaba ya kukinga ncha, bei inafika pauni 540, na foleni ya kusubiri ni miezi minane. Wa pili hakuwa mbali na hapo. Wenzangu wa mazoezi ya upanga waliguna: vipi kifuko kiwe ghali kuliko upanga unaotiwa humo?

Kilichonifungua macho ni ombi ambalo mafundi wote wawili walilitoa bila kujuana. Walitaka niwapelekee upanga wenyewe. Michoro hawakuitaka, wala vipimo. Mabapa yanaweza kukatwa kwa mashine mengi kwa mpigo, lakini yakishasuguliwa kwa mkono kila moja linatoka na unene wake na kupinda kwake kudogo. Ala haina saizi. Inatengenezwa juu ya upanga mmoja, na upanga wa pili wa kiwanda kilekile utacheza ndani yake au utakwama njiani.

Nimeamua kuitengeneza mwenyewe. Kazi yangu ya kila siku hapa Leeds ni useremala wa samani, kwa hiyo mbao hainitishi, na ngozi nimeizoea kiasi. Shajara hii naiandika ili anayetajiwa pauni 540 aone zinakwenda wapi.

Januari, mwishoni

Nimeanza kwa kutazama za kale. Makumbusho ya Royal Armouries yapo hapahapa Leeds tangu 1996, na panga humo ni za kukutosha siku nzima. Ala za Zama za Kati ni chache sana. Sababu iko wazi: chuma kikitupwa mtoni au kuzikwa kinaliwa na kutu lakini umbo linabaki, ilhali mbao na ngozi huoza. Ngozi za ala zilizookotwa London zimesalimika zaidi kwenye tope la kingo za mto Thames, ambako unyevu haukauki na hewa haipiti.

Zilizosalia nzima nyingi ni za wafalme na watu wakubwa. Iliyoniduwaza kuliko zote ni ala ya upanga wa kifalme wa Dola Takatifu ya Kirumi, iliyoko Vienna: mbao ya mzeituni iliyofunikwa mabamba 14 ya dhahabu, kila bamba na picha ya mtawala wake, kuanzia Karolo Mkuu hadi Henry wa Tatu. Ni kazi ya karne ya 11, na ni kubwa kwa umri kuliko upanga uliomo ndani yake. Kuna pia ya Cangrande della Scala, mtawala wa Verona aliyefariki 1329. Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1921, upanga ulikutwa ukiwa na ala yake yenye mapambo ya fedha.

Sina haja ya dhahabu wala fedha. Ninachotaka ni ala ya mpanda farasi wa kawaida wa miaka ya 1250, na kwa huyo ushahidi bora ni mawe. Katika kanisa kuu la Naumburg, Ujerumani, yapo masanamu ya wafadhili yaliyochongwa katikati ya karne ya 13. Baadhi yao wameshika panga zilizomo alani, na mkanda umezungushwa kwenye ala. Mchongaji alionyesha hadi mahali ngozi inapopenya ngozi. Fundi wa leo anaweza kufuata jiwe lile kama ramani.

Jambo moja zaidi kuhusu bei. Katika London ya enzi zile mtu mmoja hakufanya yote. Kulikuwa na wafua mabapa, watengeneza mipini na watengeneza ala, kila kundi na ufundi wake, na fundi-muuzaji wa visu na panga ndiye aliyekusanya vipande na kuuza kitu kizima. Chama cha mafundi-wauzaji hao wa London kilipata hati ya mfalme mwaka 1416, kutoka kwa Henry wa Tano. Ala ilikuwa riziki kamili ya familia nzima. Leo tunaidhania kuwa nyongeza ya bure kwa sababu panga nyingi za bei nafuu, zile zinazotoka Dehradun na Meerut nchini India, huja na ala ndani ya boksi.

Ala hizo nyingi ni ngozi tupu iliyoshonwa, bila mbao. Upanga unapwaya humo, na makali yanaila ngozi kwa ndani kila unapouchomoa. Kwa kutundika ukutani zinatosha. Kwa mtu anayevaa upanga na kutembea nao, hapana.

Februari, mwanzo: mbao

Nimenunua mbao ya popla, pauni 14, nikaipasua vipande viwili vya unene wa milimita 6. Mwaloni sikuufikiria kabisa ingawa ninao mabaki mengi karakana. Una tanini nyingi, ile asili kali ya magamba ya miti, na tanini ikikutana na unyevu huchokoza chuma. Popla ni laini, nyepesi, na inakubali bobari, patasi ya kuchimbia, bila kubishana.

Vipande nimeviweka ndani ya nyumba kwanza, vizoee hewa ya humu. Mbao mbichi ikishachongwa nyembamba hujipinda, na ala iliyopinda haina dawa.

Kisha nimelaza upanga juu ya kila kipande na kuuchora kwa penseli kali. Kuanzia hapo ni bobari na subira. Njia ya siku hizi, ya haraka, ni kubandika vijiti vyembamba pembeni ili kuacha nafasi katikati kama sandwichi. Nimechagua kuchimba, kwa sababu kuchimba kunafuata umbo la bapa: unene mwingi katikati, kupungua kuelekea makali. Upanga unalala kwenye kitanda chake badala ya kuelea kwenye boksi.

Februari, katikati: masizi

Hii ndiyo sehemu inayokula saa, na hakuna mashine ya kuisaidia.

Naupaka upanga masizi ya mshumaa yaliyochanganywa na tone la mafuta, utando mwembamba tu. Nabana vipande viwili kwa vibano, nauingiza upanga hadi unapogoma, nautoa, nafungua. Kila mahali mbao ilipogusa chuma pana doa jeusi. Nalikwangua doa lile kwa ncha ya bobari, unyoya wa mbao usiozidi unene wa karatasi, kisha napaka tena. Mwanzoni madoa yalikuwa mawili makubwa karibu na mdomo. Yalipoondoka, upanga ukashuka upana wa vidole viwili na kugoma tena, safari hii upande wa kushoto peke yake, kwa sababu bapa lina mpindo ambao jicho halikuuona mpaka masizi yalipouonyesha.

Kwenye makali nimeacha nafasi ya milimita moja kila upande. Makali yasiguse kitu. Yakigusa, yatakata mbao mahali palepale kila siku, na mwisho yatafika kwenye maungio na kuifungua ala kama ganda la njugu.

Mdomoni ni kinyume. Sentimita 5 za mwanzo nimezibana zaidi na kuzibandika ngozi nyembamba ndani, maana hapo ndipo upanga unaposhikiliwa. Kipimo ninachokitaka: ukiipindua ala mdomo chini, upanga usidondoke, ukiuvuta kwa mkono mmoja, utoke bila kukwaruza. Kati ya mambo hayo mawili kuna tofauti ndogo mno, na fundi analipwa kwa kuipata hiyo.

Februari, mwishoni: sherisi na kitani

Nimegandisha vipande kwa sherisi, gundi ya ngozi ya wanyama, ile ya chembechembe zinazolowekwa kisha kuyeyushwa juu ya maji ya moto yasiyochemka. Gundi nyeupe ya dukani ingefanya kazi. Sherisi nimeipenda kwa sababu ni ya zama zile, na kwa sababu ikipata joto na unyevu inaachia. Siku ala ikihitaji kufunguliwa, atakayeifungua hatalazimika kuivunja.

Ilipokauka nimeishusha kwa randa ndogo na msasa. Ukuta sasa ni milimita 2 na nusu hivi katikati, na pembeni pungufu ya hapo. Watu wengi wanaojitengenezea huishia na ala nene kama gogo kwa kuogopa hatua hii. Ala za kwenye masanamu ni nyembamba, zinafuata upanga, na ukiishika unahisi bapa limo ndani. Uimara hautoki kwenye mbao peke yake: nimeizungushia kitani kilicholoweshwa sherisi, kikakauka na kuwa kama gamba. Mbao ya milimita 2 ikivaa kitani haivunjiki kirahisi.

Juu ya kitani nimefunga ugwe mwembamba katika mizunguko michache, karibu na mdomo na mahali mkanda utakapokaa. Ngozi ikishavikwa, ugwe utatokeza kama matuta.

Machi: ngozi

Ngozi ya ndama, unene wa milimita moja, iliyodabighiwa, yaani kutiwa dawa isioze, kwa magamba ya miti. Pauni 42 kwa kipande cha kutosha urefu wote bila kiungo. Hapa usibane matumizi. Ngozi ya bei rahisi mara nyingi imepakwa plastiki juu. Hailoweki, haivutiki, haishiki umbo.

Kabla ya kuilowesha nilimpigia mzee mmoja wa Mombasa aliyeshona viatu maisha yake yote na sasa anaishi kwa mwanawe Leicester.

“Shikamoo mzee.”

“Alhamdulillahi, marahaba mwanangu. Hiyo ngozi umeshaitia maji?”

“Bado. Nataka kujua niiache majini kiasi gani.”

“Iache hadi viputo viishe kutoka. Halafu itoe, ifunge kwenye taulo ilale. Asubuhi itakuwa baridi mkononi lakini haichuruziki. Hapo ndipo inaposikia. Na mwanangu, ikiwa mbichi usiiguse na chuma. Itakutia madoa meusi ambayo hata magadi hayatoi.”

Nilifuata kama alivyoniambia. Ngozi ilikuwa imelainika ikawa inavutika kwa kidole. Nimeizungusha kwenye ala, mshono katikati ya upande wa nyuma, kama zilivyo ala za London. Kingo mbili hazilaliani. Zinakutana ana kwa ana, na sindano haipiti hadi juu: inaingia upande wa nyama, ule wa ndani, na kutokea katikati ya unene wa ukingo, kisha inaingia unene wa ukingo wa pili. Uzi unazama, kwa nje unaona mstari mmoja tu mwembamba. Unene wa kuchezea ni milimita moja. Msharasi, chuma cha kutobolea ngozi, ukienda juu kidogo unachana, ukienda chini kidogo mshono hauna nguvu. Uzi ni wa kitani, uliopakwa nta ya nyuki.

Unashona huku unavuta, na ngozi inakauka huku unashona, kwa hiyo kazi hii haiahirishwi. Ilianza asubuhi ikaisha usiku. Kisha nimepita na kipande cha mfupa kando ya kila ugwe, nikikandamiza hadi matuta yakasimama. Ngozi inapokauka hunywea na kuikumbatia mbao. Kesho yake haikuwa na mkunjo hata mmoja, na ukiipiga kwa ukucha inalia kama mbao.

Kwa rangi nimetumia siki iliyolowekewa pamba ya chuma. Chuma na tanini vinageuza ngozi kuwa nyeusi kwa kina, doa lilelile ambalo mzee alinionya nalo, ila hapa ni la makusudi na limeenea kote. Ikishaiva naisuuza kwa maji ya magadi ili kuua asidi, maana sitaki siki karibu na bapa. Gharama: pauni 3.

Machi, mwishoni: kofia ya ncha

Bamba la shaba ya njano, unene wa milimita 0.8, pauni 11. Nimechonga kalibu kwa mbao ngumu yenye umbo la ncha ya ala, nikakata bamba, nikalikunja juu yake. Shaba inagoma kadiri unavyoigonga. Inabidi kuipasha moto hadi iwe nyekundu hafifu gizani, kuiacha ipoe, ndipo inakubali tena. Kiungo kimelehemiwa kwa fedha, kisha tupa, kisha msasa unaozidi kuwa laini.

Hapa ndipo mtu mwenye mfuko mdogo anapoweza kupunguza. Si kila ala ya wakati huo ilikuwa na kofia ya shaba, na ngozi iliyoshonwa vizuri inailinda ncha kwa muda mrefu. Ungemwambia fundi aiondoe, bei ingeshuka bila ala kuwa mbaya. Mbao na mshono ndivyo visivyopunguzika. Wenye majambia ya Oman wanajua upande wa pili wa hesabu hii: kwao thamani kubwa huwa kwenye fedha iliyovikwa mpini na ala, na bapa lenyewe linaweza kuwa la kawaida kabisa.

Aprili: mkanda

Ngozi hii ni nyingine. Masanamu hayaonyeshi rangi ya ngozi siku zote, lakini mikanda ya mtindo huu inajulikana kwa ngozi nyeupe iliyotengenezwa kwa shabu, laini, isiyo na ugumu wa ile iliyodabighiwa kwa magamba. Pauni 58, na ndiyo bidhaa ghali kuliko zote kwenye orodha yangu. Wanaoitengeneza siku hizi si wengi.

Mkanda hauna bizimu. Una vipande viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Kipande kifupi kinazunguka ala karibu na mdomo. Kile kirefu kinaishika chini zaidi, na vimeunganishwa kwa vipande vyembamba vya ngozi ileile vinavyopita kwenye matundu na kusukana kuizunguka ala. Hakuna msumari wala gundi. Ni matundu na msuko peke yake. Kiunoni, ncha ya upande mmoja imepasuliwa mikia miwili, upande wa pili una matundu mawili; mikia inapita matunduni na kufungwa fundo.

Uzuri wake unauona ukiuvaa. Kwa kuwa ala imeshikwa mahali pawili penye urefu tofauti, haining'inii wima. Inalala mshazari, mpini mbele karibu na mkono, ncha nyuma, na unatembea bila kujikwaa. Nilijaribu kusogeza msuko wa chini kwa upana wa kidole kimoja tu, na mlalo ukabadilika kabisa. Nikaurudisha.

Aprili, mwishoni: hesabu

Vifaa: mbao 14, ngozi ya ndama 42, ngozi ya shabu 58, kitani 8, sherisi 9, uzi na nta 12, shaba 11, lehemu ya fedha 9, siki na pamba ya chuma 3, msasa na mafuta 6. Jumla pauni 172. Zana nilikuwa nazo. Asiyekuwa nazo aongeze nyingi.

Saa sikuziandika moja moja, lakini thelathini zimepita, tena si kidogo. Tuchukue 30 tu. Kima cha chini cha mshahara hapa Uingereza kwa mtu mzima kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Hiyo ni pauni 366 na senti kidogo. Ukijumlisha na vifaa unapata 538.

Yule fundi aliniambia 540.

Kweli, yeye ana kasi kuliko mimi, huenda nusu ya muda wangu unamtosha. Lakini yeye analipa pango la karakana, kodi na bima, na anajibu barua za watu kama mimi bila malipo. Na mtu mwenye ujuzi wa mbao, ngozi na shaba kwa pamoja halipwi kima cha chini mahali popote. Nimemwandikia kumwambia kuwa bei yake ni ya haki, na kwamba niliguna bila kujua.

Mei

Nimeuvaa kwenye mazoezi ya nje, kwenye mvua ya Yorkshire. Ngozi ililowa, mbao ndani ikabaki kavu, kitani kimefanya kazi yake. Mshono haujaachia. Mdomo umelegea kiasi kidogo baada ya kuchomoa na kurudisha mara nyingi, kama nilivyotarajia. Nitabandika ngozi nyingine nyembamba ndani.

Nikirudi nyumbani upanga unatoka alani. Naufuta, naupaka mafuta ya cherehani, unakaa kwenye kishikio chake na ala inakauka pembeni. Ngozi ya magamba inahifadhi unyevu na tanini, na upanga ukilala humo mwezi mzima utaamka na madoa. Kwa hiyo ukinunua ala ya pauni 540, usiifanye kabati. Ni ya kusafiria na kuvalia.

Mwenzangu mmoja wa mazoezi, aliyeguna kuliko wote Januari, ameniomba nimtengenezee ya upanga wake wa mikono miwili. Bapa lake ni refu zaidi, limechongoka, na katikati lina mgongo uliosimama badala ya mfereji, kwa hiyo kitanda chake kitachimbwa kwa umbo jingine kabisa. Nimemtajia pauni 400 bila mkanda, na nimemwambia alete upanga wenyewe.